Kabla hamjapanda saiprasi

Mpendwa Mama Neema,

Hamjambo huko Kitengela? Nimefurahi mno kusikia mmeshaezeka. Ila lile wazo la kupanda saiprasi mita moja kutoka ukutani ili kufunika dirisha la chumba cha kulala, tafadhali mwambie Baba Neema asubiri kwanza.

Najua mliupenda ua wangu wa saiprasi hapa Limuru. Udongo wetu mwekundu ni mtulivu. Wenu mweusi huvimba ukinyeshewa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi mnaona nyufa zinazomeza kiganja kizima. Watu hudhani mzizi huusukuma ukuta, lakini huko kwenu hauhitaji hata kuugusa. Mti usiopukutisha majani hunywa maji mwaka mzima, udongo wa upande wake unakauka zaidi, msingi unatitia upande mmoja, na ufa unaanzia kona ya dirisha ukienda mshazari. Fundi ataziba kwa saruji, na kiangazi kijacho utafunguka tena.

Saiprasi ikiachwa hupita mita 20. Kwa udongo kama huo, mti mkubwa hukaa mbali na nyumba angalau kwa kadiri ya urefu utakaofikia, na ploti yenu ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 tu! Kuipogoa kila mwaka huipunguzia kiu, lakini mkichelewa mkakata hadi kwenye matawi makavu ya kahawia, haichipui tena hapo.

Mimi ningepanda ua wa kayaba mpakani. Ni kijani mwaka mzima, inavumilia ukame, na miiba yake hakuna mwizi anayeitaka. Mche na mche sentimita 60, ikatwe isizidi mita 2, na iwe mita 3 au zaidi kutoka nyumbani. Dirishani wekeni pazia zito.

Upande wa shimo la maji taka msipande mti wowote. Mzizi hautoboi bomba zima. Huingia penye kiungo kinachovuja, mwembamba kama uzi, kisha hunenepa humo ndani hadi maji yanarudi chooni.

Mkienda kununua miche, chaneni pakiti moja mtazame chini. Mizizi ikiwa imejizungusha kwenye plastiki, iacheni hiyo miche, hata ikiwa mirefu na bei ni nzuri.

Nipimie kutoka ukuta wa nyumba hadi mpakani, na hadi kwenye shimo, uniandikie kabla ya mvua ya Machi. Nisalimie Neema.

Wako,
Mama Baraka