Binamu, kazi ya Chongoleani naikataa kwa sasa

Binamu yangu,

Umeniuliza mbele ya watu, kwenye walima, sahani bado ziko mkononi, mtu aliyesoma mpaka akaitwa daktari asiye na wagonjwa anawezaje kuishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kama kibarua. Watu walicheka, nami nikacheka, maana utani wa mabinamu haujibiwi kwa kununa. Lakini swali lilikuwa la kweli, na wengi wa rika letu hapa Tanga huniuliza hilohilo kwa adabu zaidi. Kwa hiyo nakujibu hadharani, na wao wasome.

Ile nafasi ya takwimu uliyonitafutia kwenu Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi, naikataa kwa sasa. Nalisema mapema usije ukasoma mpaka chini ukilitafuta. Mshahara ule ni mzuri na nakushukuru. Yanayofuata ni sababu.

Mimi nashughulika na ubongo wa watoto waliopona malaria kali, ile iliyopanda kichwani mpaka mtoto akapata degedege na kupoteza fahamu. Mtoto akizinduka, akala uji, akarudi kucheza, nyumba nzima huona yamekwisha. Kwa wengi yamekwisha kweli. Kwa baadhi ndiyo yanaanza. Wenzetu wa Blantyre, Malawi, waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, wakachapisha mwaka 2010: 12 kati yao walikuja kupata kifafa. Katika watoto 264 wa kulinganisha, hakuna hata mmoja. Na kifafa hicho hakiji wiki ya pili. Huja miezi mingi baadaye, pengine mwaka umepita, karatasi za hospitali zimeshapotea, na hakuna anayekumbuka kukihusisha na homa ile. Hapo ndipo jini hupata kesi isiyo yake.

Siku ya kipimo kwetu huanza na nywele. Mashine ya EEG husoma umeme wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, na umeme wenyewe ni mdogo ajabu, hupimwa kwa sehemu za milioni za volti, kwa hiyo vile vitufe vya kunasia lazima viguse ngozi. Sasa mtoto wa Muheza analetwa kapendezeshwa, kasukwa twende kilioni mbichi ya jana, mama kajitahidi ili mwanawe asidharauliwe mbele ya watu wa hospitali. Nasi ndio tunaomwambia azifumue. Tunatandika mkeka barazani, mama anafumua kwa mkia wa kitana, muuguzi anamsaidia upande wa pili, na maneno yote ya maana hutoka hapo: lini mtoto aliangukia mafiga, nani kasema asile sahani moja na wenzake, kwa nini baba kamwachisha shule. Fomu yangu haina mstari wa mambo hayo, nayaandika pembeni. Kisha mtoto anapakwa jeli, anafungwa nyaya, analazwa, na kama hakulala vizuri usiku, kama tulivyomwomba mama, anasinzia mwenyewe. Umeme ukikatika twaendelea na betri. Tena, baina yetu, mistari hutoka misafi zaidi, maana umeme wa ukutani, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, hupenya kwenye kipimo na kukichafua.

Kipimo kimoja hakisemi mengi. Mtoto yuleyule anatakiwa arudi, na mwakani arudi, na mwaka wa pili arudi, ndipo tujue ni dalili gani iliyotangulia kifafa na ni ipi iliyopita tu. Hapo ndipo hadithi ya fedha inapoingia. Mfadhili wetu wa ng'ambo, ambaye simtaji kwa sababu bado namwomba, huidhinisha fedha mwaka kwa mwaka. Ikaja barua ya kusitisha kazi katikati ya awamu ya marudio. Wauguzi wakaambiwa wasubiri nyumbani. Mmoja kafungua genge na hajarudi, na simlaumu. Miezi ikapita, fedha zikarejea, watu wakanipongeza.

Walinipongeza kwa nini? Ninyi mkisimamisha ujenzi miezi sita, bomba lenu la kilomita 1,443 kutoka Hoima linabaki palepale lilipolazwa, mnarudi na kuunga kipande kinachofuata. Mtoto habaki alipokuwa. Tuliyepaswa kumwona mwezi wa kumi na nane tukamwona mwishoni mwa mwaka wake wa tatu, kashaanguka mara kadhaa, ana kovu la moto mkononi, na mama hakumbuki kama ilianza kabla ya Ramadhani au baada. Lile pengo kwenye daftari halinunuliki hata ukipewa fedha mara mbili. Na mama mwingine kabadilisha laini, kahamia kwa dada yake Pangani, anasema mlituacha, mnarudi kufanya nini. Ana haki.

Usidhani wakubwa wako salama. Marekani ina taasisi ya afya, NIH, yenye bajeti ya takribani dola bilioni 47 kwa mwaka. Mpango wao wa utafiti wa ubongo, ule wa BRAIN aliouzindua Obama mwaka 2013, ulipata dola milioni 680 mwaka 2023, na mwaka uliofuata zikashuka hadi 402. Maabara za huko nazo zikaanza kuhesabu nani anabaki. Mei 2025 NIH ikatangaza kusitisha ruzuku mpya zile zinazopitia kwenye vyuo vyao kwenda kwa washirika wa nje, mpaka utaratibu mwingine upangwe. Kabla ya hapo, mwaka 2021, Uingereza ilishusha msaada wake wa nje kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5, na miradi ya utafiti ikapigwa humo humo.

Wenzangu wengi huwakasirikia. Mimi hasira hiyo sina. Fedha ni zao, wabunge ni wao, na mlipa kodi wa Ohio hajawahi kusikia jina la Mkanyageni. Walichotoa kimetusomesha wengi, mimi nikiwemo. Mwenye kuulizwa ni sisi. Mwaka 2006, Khartoum, Umoja wa Afrika uliazimia kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania haijafika. Mfuko wa taifa wa sayansi na teknolojia tunao, MTUSATE, uliopo tangu 1995 na kusimamiwa na COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, lakini ukiwagawia wa kilimo, wa viwanda, wa bahari na wa tiba, kipande cha utafiti wa ubongo huwa chembamba sana.

Ukipanda hapo Amani utaona nilichosema. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti 1902. Vita vikawaondoa, Waingereza wakashika, kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nayo ikavunjika 1977, na NIMR yetu, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ikaundwa 1979. Majengo yako palepale. Wenye fedha ndio waliobadilika, na kila aliyeingia alikuja na swali lake mfukoni.

Najua utasema: basi fanyeni utafiti unaolipa. Binamu, dawa ya kifafa ya fenobabitoni ipo tangu 1912, na ni ya bei ndogo. Haisubiri mtu agundue chochote. Kinachotushinda ni kujua ni mtoto yupi kati ya waliopona aanze kuangaliwa mapema, kabla hajaangukia moto, na jibu hilo halitoki kwa mradi wa miaka miwili. Kule Malawi watoto wa utafiti mmoja walianza kupigwa picha za MRI, zinazoonyesha ndani ya ubongo, 2009. Makala iliyoonyesha kwamba kati ya 25 waliokufa, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa ilitoka 2015. Hakuna aliyekuwa amelala hapo katikati.

Kwa hiyo mwaka huu nimeandika ombi la ajabu kidogo, na mkuu wangu kanionya kwamba wanaopima maombi hupenda kuona mashine mpya. Nimeomba robo tu ya fedha tulizozoea kuomba, ila kwa miaka saba. Ndani yake mna nauli ya mama na mtoto, chai yao, muda wa maongezi wa kupiga simu kila mwezi hata kama hakuna kipimo, jeli, dawa, betri, mishahara ya wauguzi wawili, na posho ya mhudumu wa afya wa kila kijiji awe anatujulisha nani kahama. Kipengele cha vifaa vipya nimekiacha wazi.