Mwanangu, wakikukimbiza usinyamaze

Marahaba mwanangu. Meseji yako ya jana usiku nimeikuta asubuhi, nimeisoma mara tatu na moyo bado haujatulia, ndo maana nimekaa kuandika, maana kwenye simu utaniambia sawa mama, sawa mama, halafu unakata. Umesema Jumatatu unaripoti na Jumatano wanataka hiyo mashine mpya ya kutibu kansa kwa mionzi ianze kupokea wagonjwa kwa kuwa foleni ni ndefu. Siku mbili za kuipima. Na mwanafizikia ni wewe peke yako. Hapo ndo nimekwama, mengine yote uliyoandika nimeyapita tu.

Mi sijasoma hiyo fizikia tiba na sitaki kukufundisha kazi yako. Ila nimeishi na baba yako miaka 51, na ukiishi na fundi miaka yote hiyo kuna vitu vinakuingia hata kama hukuvitaka. Najua kwa mfano kwamba akiwa na kazi ya kupima asubuhi, jioni yake lazima arudi kujaza lile tangi la maji, maji yalale mle chumbani mpaka joto lake lilingane na la chumba. Nilikuwa naona ni usumbufu, si ujaze asubuhi hiyo hiyo? Akanikalisha akaniambia wanapima ndani ya maji kwa sababu mbele ya mionzi mwili wa binadamu ni kama maji tu, na kile kipimo chake kina hewa ndani, hewa ikipata joto inatanuka, basi ukikosea nyuzi tatu tu za joto jibu lote linahama kwa asilimia moja. Nikasema asilimia moja ni kitu gani. Akasema hiyo moja ukiiacha ipite inaenda kutafuta wenzake. Sasa we niambie, ndani ya siku mbili hayo maji yatalala saa ngapi?

Siku ya kumzika wasifu wake uliusoma vizuri, sauti haikutetemeka, watu wakaniuliza huyu ndo yule mdogo, nikasema ndo yeye. Kuzaliwa 1941, kufundisha fizikia sekondari, kuingia kwenye kobalti, ile mashine ya kutibu kansa kwa mionzi, 1971, kustaafu 2001, na wale wanafunzi wake waliokuwa wanampigia simu kumuuliza mambo mpaka mwaka wake wa mwisho, vyote ulivitaja. Nilijivuna, sikufichi. Ila kuna mahali ulisema sisi watoto tulimjua baba kwa mgongo kuliko kwa uso, watu wakacheka kidogo. Mi sikucheka. Si kwamba ulisema uongo, ila ulipaswa kuniuliza kwanza, na mimi nilipaswa kukuambia kitu siku nyingi. Ntafika huko.

Lile daftari lake la jalada gumu ulilochukua, ndani ya jalada pameandikwa kwa wino mwekundu "dakika 0.3 ni sekunde 18". Uliniuliza maana yake nikasema sijui. Najua. Mwaka 1996 kule San José, Kosta Rika, walibadilisha chanzo cha kobalti, yaani ile kobalti yenyewe inayotoa mionzi, kwenye mashine, na kwenye kukokotoa nguvu ya kile kipya dakika 0.3 ikachukuliwa kuwa sekunde 30. Yaani hilo tu, hata mi ningeweza kukosea hapo. Wagonjwa 115 wakaguswa, dozi ikazidi kwa zaidi ya nusu, na kuna waliokufa kwa hiyo dozi, sio kwa kansa iliyowapeleka pale. Ripoti ilipotoka 1998 baba yako aliisoma usiku kucha, siku mbili chakula hakipiti, halafu akatoa majedwali yake yote ya muda wa kuwapiga wagonjwa mionzi, ya miaka ya nyuma, akayapanga mezani akaanza kukokotoa upya. Mi namsomea namba, yeye anapiga kalkuleta. Tulimaliza bila kukuta kosa. Nikadhani sasa atalala. Akageuza karatasi akaanza tena mwanzo.

Na alikuwa hataki kabisa mtu amseme vibaya yule aliyekosea. Swali lake lilikuwa moja, mtu wa pili wa kuangalia alikuwa wapi? Ndo na mimi nakuuliza, wa kwako wa pili yuko wapi? Usiniambie kompyuta. Kompyuta inakokotoa ulichoipa.

Baba yako naye alikuwa peke yake miaka mingi, lakini alikuwa na zile bahasha kutoka Vienna. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na Shirika la Afya Duniani wanaendesha hiyo kazi tangu 1969, enzi zake walikuwa wanakutumia kwa posta vidonge vyenye unga unaokumbuka mionzi, unavipiga dozi ya gray 2, gray ndo kipimo cha dozi ya mionzi, kama vile ni mgonjwa, unarudisha, wao wanasoma wanakuambia umepiga ngapi kweli. Ukipishana nao zaidi ya asilimia 5 wanakuandikia mfuatilie kosa lilipo. Kila akisubiri majibu alikuwa kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani, usiku anageuka geuka, na jibu likija zuri anakaa nalo mkononi dakika nzima hasemi. Mtu mzima, ana miaka hamsini na kitu, wanafunzi wanamwogopa. Waandikie na wewe. Kama hicho kituo hakijajiandikisha waambie wajiandikishe, na kama wanasema muda hakuna, basi muda wa kuwaambia ndo huo.

Sasa lile jambo. Ulikuwa na miezi minane, una homa, siku ya tatu mimi silali. Mchana wa siku hiyo walikuwa wamemaliza kupima chanzo kipya cha kobalti, maana unajua ile kitu inapungua kama asilimia moja kila mwezi na ikifika miaka mitano na miezi mitatu imebaki nusu, kwa hiyo ya zamani ilikuwa imechoka na ilitaka muda mrefu, mpya inataka muda mfupi. Saa tano usiku baba yako akakaa kitandani ghafla. Akasema jedwali la zamani sijalitoa, liko pale pale mezani pembeni ya jipya. Yaani wa zamu asubuhi akishika lile la zamani, mgonjwa analala chini ya mashine karibu mara mbili ya muda wake. Simu ya nyumbani hatukuwa nayo. Akaanza kutafuta ufunguo wa gari. Akatafuta sebuleni, jikoni, kwenye mifuko yote ya suruali, akatafuta mpaka nikasikia anavyopumua. Mi nimelala na wewe kifuani, na ufunguo uko chini ya mto wangu.

Nilitaka akae na sisi usiku mmoja tu. Nilimwambia kuna watu wengine, si lazima iwe wewe.

Saa kumi alfajiri akaondoka kwa miguu. Akafika kabla ya mgonjwa wa kwanza, akalichana lile jedwali. Hakuna aliyeumia. Ufunguo aliukuta mwenyewe jioni akitandika kitanda, hakuniuliza kitu, ila tangu siku hiyo ukawa unalala kwenye mfuko wa shati lake, mle mle ulikokuwa unauchomoa ukauchezea. Kwa hiyo huo mgongo uliousema mbele za watu, sehemu yake nilichangia mimi, maana baada ya pale hakuniamini tena na usiku wa kazi, alikuwa anabaki huko huko mpaka amalize.

Ndo maana nakwambia wakikukimbiza usinyamaze. Mkimbizaji siyo lazima awe bosi mwenye sauti kubwa, anaweza kuwa mtu anayekupenda na amechoka. Najua foleni ni watu na ugonjwa haungoji, usidhani nimesahau. Baba yako alikuwa anapita kwenye lile benchi anawasalimia mmoja mmoja ndipo anaingia anafunga mlango, na wengine walimnung'unikia kabisa kwamba huyu mzee anatuchelewesha. Ilimuuma. Alichelewesha hivyo hivyo. Sema siku zako unazohitaji, sema kwa maandishi, usaini ulichopima na kisichopimwa usikisaini hata akija nani. Wakikasirika rudi nyumbani, chumba chako kipo.

Beji yako ya kupima mionzi vaa kifuani kila siku, na ukitoka usiiache chumba cha mashine ikasoma mionzi ambayo we hukupigwa. Ule. Na ulale, hiyo ya kufanya kazi mpaka saa nane usiku umeichukua kwake na ndo sikuipenda kwake pia, hata yeye mwenyewe namba za usiku alikuwa anazirudia asubuhi.

Huku mfereji wa paa unavuja tena upande wa chumba cha wageni, kaka yako ameahidi kuja na fundi wiki hii, tuone. Anataka pia tuuze gari, nimemwambia asubiri kidogo. Makoti ya baba yako meupe nimefua yote sita, mawili yana madoa ya wino mwekundu mfukoni hayatoki, hayo nabaki nayo mimi, manne chukua ukate mikono yakutoshe. Dawa zangu za presha nakunywa, usiulize kila siku.

Baromita yake, ile ya kupima mgandamizo wa hewa, uliiacha hapa ukutani. Nilikasirika kidogo, nikadhani umeidharau kwa kuwa ni ya zamani, sasa hivi mna za kielektroniki. Kila asubuhi alikuwa anaigonga kwa kidole mara mbili, taratibu, halafu anasoma, na mi nimejikuta nafanya hivyo, naigonga, kusoma sijui. Nimeifunga kwenye blanketi la kitanda chako cha utotoni, kaka yako atakuletea Jumamosi stendi, ishike mkononi usiiweke kwenye buti.

Ukifika nitumie meseji, hata iwe usiku wa manane. Na Jumatatu jioni nitumie nyingine, uniambie tangi umeshajaza.

Mama yako.