Tunaomjua hakimu tuulizwe kabla hajawa jaji

Mhariri,

Kila Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) inapotafuta majaji wa Mahakama Kuu, gumzo letu mitaani huwa ni mambo mawili: fulani ni wa kabila gani, na je, Rais atakubali kumwapisha? Hilo la pili lina chanzo chake. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41 ya majaji wa Mahakama ya Rufaa na wa mahakama za ngazi ya Mahakama Kuu, Rais Uhuru Kenyatta akayakalia hadi Juni 2021, kisha akateua 34 na kuwaacha sita (mmoja alikuwa amefariki), ingawa Kifungu cha 166 cha Katiba kinamtaka ateue kwa kufuata mapendekezo ya Tume. Hao sita walingoja hadi Septemba 2022, Rais Ruto alipowateua mara tu alipoingia madarakani.

Lakini kuna hatua nyingine, ya mapema zaidi, ambayo ni yetu sisi raia na hatuitumii. Majina ya walioomba kazi hutangazwa na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuiandikia Tume lolote analojua kumhusu mwombaji, zuri au baya. Tatizo ni kwamba tangazo lenyewe huwekwa magazetini na kwenye tovuti, kwa Kiingereza. Anayeliona ni wakili. Mama aliyehudhuria kesi ya shamba mbele ya mwombaji huyo huyo miaka nenda miaka rudi hana habari.

Na yeye ndiye anayemjua. Katiba inadai uzoefu wa miaka kumi, na baadhi ya waombaji huwa wameupata kwenye mahakama zetu ndogo. Mtu huanza akiwa hakimu mkaazi mwenye uwezo wa kusikiliza madai ya hadi Sh5 milioni, akahamishwa kituo hadi kituo, akapanda hadi kuwa hakimu mkuu anayesikiliza ya hadi Sh20 milioni. Kila kituo anaacha watu waliomwona kazini. Wapo mahakimu waliokuwa kitini saa tatu kamili, faili wamezisoma, shahidi aliyetoka mbali akisikilizwa siku hiyo hiyo. Nimeketi pia kwenye benchi la mahakama moja huku Pwani hadi saa tano, karani akatoka mlangoni na kutangaza kwamba kesi zote zimeahirishwa, tarehe mtapewa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Wazee wawili waliokuwa kando yangu walitoka Ganze alfajiri.

Mambo haya hayamo kwenye wasifu wa mwombaji. Mahojiano ya Tume tunayaona kwenye televisheni na ninayasifu, kwani kabla ya Katiba ya 2010 majaji walipatikana kimyakimya. Ila makamishna watauliza kuhusu hukumu alizoandika mtu. Namna alivyomkemea mlalamishi asiyejua Kiingereza, hiyo haikuandikwa popote.

Akishaapishwa, muda wetu umepita. Jaji hukaa hadi umri wa miaka 70, isipokuwa aamue mwenyewe kustaafu kuanzia 65, na kumwondoa kunahitaji Tume imwandikie Rais, naye aunde jopo la kumchunguza. Sawa kabisa, jaji hapaswi kuogopa kelele za watu. (Aliyeshindwa kesi naye asidhani namwambia aandike kulipiza kisasi, kwake kuna rufaa.)

Ninachoomba ni kidogo. Majina ya waombaji yabandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao wa kila mahakama walikowahi kuhudumu, pamoja na anwani ya kupeleka maoni na siku ya mwisho. Kamati za Watumiaji wa Mahakama, zinazokutanisha maafisa wa mahakama na wananchi, tayari zipo. Ziyapeleke kwenye baraza za machifu yasomwe kwa sauti. Mwenye jambo ataje tarehe na nambari ya faili, atie sahihi. Kiswahili ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7, kwa hivyo Tume haihitaji sheria mpya kuanza na tangazo lijalo.

Msomaji wako,
Kilifi