Hundi ya CRP si ujira wa kukaa bure

Mhariri,

Kila inapochapishwa orodha ya wamiliki wa mashamba wanaolipwa na serikali ya Marekani chini ya CRP, mpango wa uhifadhi unaopumzisha mashamba, maneno huwa yaleyale: wenye ardhi wanalipwa wasilime. Orodha ina jina na dola tu, kwa hiyo lawama hiyo si ajabu. Mkataba wenyewe hausomeki hivyo.

Mpango huu ulizaliwa na sheria ya 1985. Mwenye shamba hulifunga lisilimwe mazao kwa miaka 10 hadi 15, hupanda nyasi au miti, na serikali humlipa kodi ya pango kila mwaka kuanzia Oktoba. Kodi hufuata aina ya udongo na wastani wa kodi ya kukodisha mashamba katika kaunti. Kwa maombi ya ushindani, sheria ya 2018 iliibana isizidi asilimia 85 ya wastani huo. Mtu mmoja hapati zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Gharama za kuotesha, serikali huchangia hadi nusu.

Na kuotesha ndiko wengi wanakokwama. Mbegu za nyasi za asili hazitaki kuzikwa: robo inchi, ikizidi sana nusu. Mashine ya kupandia iliyoachwa kwenye kina cha soya huzifukia zisichomoze tena. Zile zenye manyoya, kama za nyasi ndefu ya big bluestem, hushikamana na kuziba mirija ya mashine. Zinataka kisanduku chao chenye kikorogeo. Mwaka wa kwanza shamba huonekana magugu matupu, maana nyasi hizi hujenga mizizi kwanza. Dawa ni kufyeka kwa kimo cha inchi 6 hadi 8, magugu yasizae na miche isiguswe. Anayeona haya kwa majirani akalima upya, amerudi mwanzo kwa fedha zake. Lebo ya mbegu nayo isomwe kabla gunia halijafunguliwa: mwaka 2016 gugu la Palmer amaranth liliingia mashamba ya Iowa ndani ya mbegu za uhifadhi zilizochanganywa.

Kujitoa nako si rahisi. Tuchukue ekari 200 kwa dola 90 kila moja, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayevunja mkataba baada ya malipo matano hurudisha 90,000 na riba, pamoja na fidia ya robo ya kodi ya mwaka mmoja, 4,500. Bei ya mahindi ikipanda, wengi hupiga hesabu hiyo kisha wakanyamaza.

Lawama ya haki ipo, ila inamhusu mkulima mpangaji, anayekodi shamba la mwingine. Kanuni zinakataza mwenye ardhi kumwondoa ili aingize shamba kwenye mpango. Mpangaji lazima apewe nafasi ya kushiriki. Lakini makubaliano ya mdomo ya mwaka mmoja humalizwa kwa notisi isiyotaja sababu, na siku ya kusaini hakuna mpangaji wa kuulizwa. Pengo hilo liko mezani kwa kamati ya kaunti inayosimamia mpango huu, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wakulima wenyewe, wapangaji wakiwemo. Mpangaji anayelima ardhi ya watu na hapigi kura hiyo, anawaachia wengine wamwamulie.

Mkichapisha orodha nyingine, ongezeni safu mbili: ekari zilizofungwa, na kama kipande hicho kililimwa na mpangaji mwaka uliotangulia.