Salamu za Krismasi kwa Majirani wa Ploti Zetu, Nakuru

Majirani wapendwa, hamjambo nyote. Heri ya Krismasi iwafikie mlio hapa Nakuru na mlio njiani kwenda Kakamega, Busia, Siaya, Kisii na Nyahururu. Iwafikie shosho na guka, akina mama na akina baba, vijana wa boda, watoto waliofunga shule, na soja wetu ambaye usiku wa tarehe 24 atakuwa langoni wakati wengine wanaimba kanisani.

Msimu huu tunaupenda. Mahindi yamevunwa Njoro na Rongai, jua la mchana ni kali, na usiku baridi inateremka kutoka Menengai hadi mtu anatafuta blanketi la pili. Watoto wako nyumbani kutwa nzima. Ploti iliyokuwa kimya tangu asubuhi sasa ina mpira wa makaratasi, kamba ya kuruka na ugomvi wa zamu. Ni wakati ambao unajua kwamba jirani yako ana mama mgonjwa kule Mbale, au kwamba yule kijana wa chumba cha mwisho hana kwao pa kwenda.

Nakuru ni jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021, lakini wengi wetu tunaishi kwa mfereji mmoja, kamba moja ya kuanikia nguo na lango moja. Tuko watu wa kabila nyingi na dini zaidi ya moja. Sikukuu ya namna hii haijipangi, inapangwa na watu, na watu wakiipanga vibaya wanaingia Januari hawasalimiani. Kwa hiyo pokeeni salamu zetu pamoja na haya tunayoyajua kuhusu kazi yenyewe.

Tuanze na ng'ombe wa kununua kwa mchango na kugawana, maana ndipo penye furaha kubwa na ndipo penye maneno mengi. Hesabu yake ni nyepesi. Nyumba 20 zikitoa shilingi 100 kila wiki kwa wiki 40, kila nyumba imeweka 4,000 na kapu lina 80,000. Zisimalizwe zote kwa mnyama. Tengeni sehemu moja ya kumi kwa gari la kumbeba, kibali cha kumsafirisha, ada ya kichinjio na ukaguzi. Vikundi vingi hukwama hapa: ng'ombe amenunuliwa, yuko sokoni amefungwa kamba, na pesa ya lori haipo.

Mnunueni kabla ya wiki ya mwisho. Kuanzia tarehe 20 wanunuzi ni wengi na bei hupanda kila siku. Mkimpata mapema, apumzike. Saa 12 au zaidi kabla ya kuchinjwa asipewe majani, apewe maji tu, na asikimbizwe wala kuchapwa. Ng'ombe aliyehangaishwa hutumia sukari yote iliyo kwenye misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, kavu, na huharibika upesi. Watu humlaumu mpishi bure.

Achinjiwe kichinjioni, mkaguzi aione ini, mapafu na nyama yenyewe, kisha apige muhuri. Tunalisisitiza hili kwa sababu kila Desemba hupita mtu na nyama ya bei ya chini sana, ya mnyama aliyekufa mwenyewe. Sisi wa Nakuru tunakijua kimeta: mwaka 2015 kiliua nyati wengi katika Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mbegu za ugonjwa huo hazifi kwa kuchemshwa kawaida, na anayempasua mnyama wa aina hiyo huzimwaga kwenye udongo zikae miaka. Mnyama aliyekufa asiguswe, hata na mbwa. Aitwe afisa wa mifugo.

Na achinje Mwislamu. Wakati wa Idd sahani za pilau na mahamri hutufikia milangoni bila kuulizwa tunasali wapi, na sisi tuhakikishe kwamba jirani wa Kiislamu anaweza kula fungu lake bila wasiwasi. Mwenye kutaka nguruwe ampike kwake, kwa sufuria yake na kisu chake.

Sasa mafungu. Ng'ombe wa kilo 250 akiwa hai hutoa karibu nusu yake, yaani kilo 120 hadi 125 za nyama na mifupa, bila matumbo, kichwa na miguu. Nyumba zilizochanga ni 20, lakini katweni mafungu 21, kila moja kilo 6 kasoro kidogo. La ishirini na moja ni la nyumba ambayo mwaka huu haikuweza: aliyeachishwa kazi, mjane, mgeni aliyehamia Novemba. Jina la nyumba hiyo lijuliwe na watu wawili tu, na fungu lipelekwe kwa mfuko uleule wa wengine, saa ileile. Likubaliwe kwenye mkutano wa kwanza wa mwaka, kabla ya mtu yeyote kujua nani atalihitaji. Likijadiliwa siku ya kugawa, tayari mtu ameaibishwa.

Tandazeni karatasi safi ya nailoni, mwanze na mifupa, kila fungu kipande chake, halafu nyama laini, halafu ini, halafu matumbo. Mkimwaga nyama laini kwanza, mwishoni mtakuwa na rundo la mifupa lisilo na mwenyewe na kelele zitaanza. Kila fungu lipimwe kwa mizani na liwekwe namba. Mtu mmoja ageuke ayape mafungu mgongo, mwingine aguse fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka ataje jina. Aliyeshika kisu huchukua la mwisho. Ngozi iuzwe na hela iandikwe palepale. Kichwa na miguu ni supu ya wote, ichemke usiku kucha. Aliyebakisha deni apewe kulingana na alichotoa, na mhazini amwambie hivyo faraghani wiki mbili mapema, asiambiwe mbele ya karatasi.

Kwa nyumba isiyo na friji, nyama ikatwe vipande vidogo, itiwe chumvi na ikaangwe hadi maji yake yakauke. Kitunguu na nyanya zisiingie mpaka siku ya kuila, kwa maana ndizo huifanya ichache. Ipashwe moto hadi ichemke asubuhi na jioni, na ifunikwe imeshapoa.

Chapati nazo zina hesabu yake. Pakiti moja ya unga wa ngano ya kilo 2 hutoa chapati 20 hadi 24 za kiasi. Watu 60 wakila tatu tatu ni chapati 180, yaani pakiti 9. Kila pakiti inataka maji ya vuguvugu lita 1 na robo hivi, nusu kikombe cha mafuta, na chumvi vijiko vidogo vinne. Unga ukishakandwa upumzike nusu saa chini ya kitambaa chenye unyevu. Chapati ngumu hutokana na mambo mawili: maji machache kwenye unga, na moto mdogo unaozikausha badala ya kuziivisha. Zikitoka kwenye kikaango zipangwe juu ya nyingine zingali moto, kwenye sufuria yenye kifuniko, mvuke wake ndio huzilainisha.

Ila tatizo kubwa la chapati za sherehe ni saa. Moja huchukua kama dakika mbili na nusu. Chapati 180 kwa kikaango kimoja ni saa saba na nusu, na mama mmoja mwema hujikuta amekaa mbele ya jiko tangu alfajiri hadi watu wameshiba. Hatulikubali jambo hilo. Wekeni vikaango vitatu, wasukumaji wawili, wapikaji watatu, na wanaume wawemo kwenye zamu. Kwa mpango huo kazi huisha saa mbili na nusu, na kila mpishi anapata kukaa na kula na watu wengine.

Maharagwe na nyama ya ng'ombe vipewe muda. Kwa mwinuko wetu wa karibu mita 1,850 maji huchemka kama nyuzi 94, hivyo mgeni kutoka Mombasa ataona chakula chetu kinachelewa. Maharagwe yalowekwe usiku wa kuamkia. Wali: kilo 7 zinatosha watu 60 kama kuna chapati. Wali wa sufuria kubwa hushika chini kabla haujaiva juu, kwa hiyo maji yakikaribia kukauka pakueni makaa ya chini, mengine yawekwe juu ya kifuniko. Mwenye ingokho, yaani kuku, ailete, mwenye mukimo wa viazi na mahindi aulete, mwenye mursik, yaani maziwa lala ya kibuyu, akumbuke watoto wengine hawajaizoea, na samaki wa Kisumu apikwe siku ileile anapofika.

Kabla sahani ya kwanza haijatoka, pakueni za watu walio kazini: soja, mama mboga ambaye hakufunga kibanda, muuguzi wa zamu, kijana wa boda, na jirani anayemuuguza mtu wake hospitalini. Zifunikwe, ziandikwe majina. Mkisema mtawawekea baadaye, watapata mchuzi.

Kuna nyumba zisizosherehekea Krismasi. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi, na hilo lisiwe jambo la kuwasumbua watoto wao. Tarehe 25 ikiangukia Jumamosi, Wasabato wasipangiwe kupika. Waulizeni mapema na mheshimu jibu.

Na kuna nyumba ambayo hii ni Krismasi ya kwanza bila baba, bila mama, au bila mtoto. Nendeni wawili wawili, mchana, na unga au sukari mkononi. Kaeni kidogo. Mtajeni marehemu kwa jina lake, kwani familia huumia zaidi watu wanapojifanya hakuwahi kuwapo. Msiwalazimishe kutoka nje wacheze muziki. Wakitoka wenyewe, wapewe viti.

Mnaosafiri, kateni tiketi mapema na muepuke kuondoka usiku. Barabara ya Salgaa na Sachang'wan, yenye ajali nyingi, haijali kwamba ni sikukuu, na dereva aliyekwisha kwenda na kurudi mara mbili siku hiyo mumkatae hata kama nauli ni nzuri. Kabla ya kufunga mlango zimeni gesi kwenye rekuleta, chomoeni vifaa vya stima, mwageni taka. Mwachieni jirani mmoja namba ya simu na mwambieni siku ya kurudi. Picha za ushago zinaweza kungoja hadi mrudi. Mkiziweka mtandaoni tarehe 24, mmemwambia kila mtu kwamba nyumba haina mwenyewe. Mnaobaki, washeni taa za nje za waliosafiri ikifika jioni. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda mtaa pamoja, ulianza 2013, na mahali unapofanya kazi vizuri ni pale watu wanapojuana kwa majina na kujua gari gani si la hapa.

Kwa watoto: anayepelekwa bustani ya Nyayo Gardens awe na namba ya mzazi kwenye karatasi mfukoni, maana mtoto mdogo aliyepotea husahau hata jina la baba yake. Mitungi ya maji ijazwe tarehe 23, mfereji haujui sikukuu. Muziki ushuke saa nne usiku, kuna watoto wachanga na watu wa zamu ya alfajiri. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, hata likionekana limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Na usiku wa kuamkia mwaka mpya tusichome matairi barabarani. Moshi wake huwaumiza wenye pumu siku nzima inayofuata, na lami iliyoungua hufanya shimo mvua za Machi zikija.

Tarehe 26 asubuhi ni usafi, wote waliokula. Uchafu wa matumbo uzikwe au upelekwe, usimwagwe mtaroni. Ukiziba, maji ya bafu yote hurudi uani.

Januari ina karo, sare, vitabu, na wanaoingia gredi ya kumi wana orodha ndefu ya bweni. Kodi ya Januari itoeni kabla ya kununua chochote cha tarehe 25. Watoto hawatakumbuka viatu vilikuwa vya bei gani, lakini watakumbuka kurudishwa nyumbani kwa karo.

Mhazini atasoma hesabu Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa tisa, uani, risiti zote zikiwa mezani. Daftari jipya litafunguliwa hapohapo, na wapangaji wapya wa Novemba na Desemba wanakaribishwa kuandikisha majina. Mungu awalinde barabarani, awaponye walio vitandani, awafariji wenye msiba. Heri ya Krismasi na baraka za Mwaka Mpya kwa kila mlango.