Barua kwa rafiki anayepiga picha kasuku wake

Mabatini, Mwanza
9 Agosti 2025

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi hatujambo, ila vumbi la kiangazi limeingia hadi kabatini. Barua yako imenifikia, na picha tatu ulizonitumia kwa simu nimezitazama kwa makini kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama ununue kamera mpya ili kasuku wako wa Australia waonekane vizuri. Usinunue. Kilichoharibu picha zako ni mahali ulipolitundika tundu: liko mbele ya dirisha, mwanga wote unatoka nyuma ya ndege, na simu ikishaupima mwanga huo mkali huwageuza ndege kuwa vivuli vyeusi visivyo na uso.

Lihamishe tundu upande wa pili wa chumba, ili dirisha liwe mgongoni kwako na mwanga uwaangukie ndege usoni. Huku kwetu karibu na Ikweta jua hupanda upesi mno, kwa hiyo mimi hupiga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kisha huacha hadi saa kumi na moja jioni. Ikinilazimu kupiga mchana, huwaweka ndege barazani, kivulini, karibu na ukuta mweupe unaorudisha mwanga taratibu. Kabla ya yote, futa lenzi kwa kitambaa laini. Nusu ya picha zenye ukungu ninazoletewa zimetokana na mafuta ya vidole, hasa za jirani yangu anayekaanga sato na kupokea simu kwa mkono uleule.

Kuhusu nyaya za tundu, usirudi nyuma ukidhani utaonyesha vizuri zaidi. Sogeza lenzi karibu kabisa na nyaya, katikati ya nafasi mbili, na usubiri ndege awe upande wa mbali. Nyaya zilizo karibu sana na lenzi hupoteza umbo, na zikiwa kivulini karibu hazionekani. Usivute picha kwa vidole ili kuikuza, maana simu nyingi zikikuzwa hivyo hukata picha tu na manyoya yakawa kama rangi iliyomwagika. Na flashi uizime. Mwaka juzi niliiwasha usiku, ndege wakaruka gizani na kujigonga kwenye nyaya. Asubuhi niliokota manyoya matatu marefu ya mkia sakafuni, na dume mmoja alikataa kuja mkononi mwangu kwa wiki nzima.

Sasa nifike kwenye jicho, kwa sababu hapo ndipo picha za ndege hufa au hupona. Mabawa yakiwa na ukungu kidogo mtazamaji husamehe, lakini jicho likikosa ukali, au likikosa ile nukta ndogo ya mwanga ndani ya mboni, ndege huonekana kama amekaushwa kwa ajili ya makumbusho. Gusa jicho kwenye kioo cha simu ili fokasi ikae hapo, na ushuke hadi usawa wa ndege. Mimi hutandika mkeka uani nikalala kifudifudi mbele ya njiwa wangu, jambo linalowachekesha sana watoto wa mtaani. Nikiwa chini namna hiyo niligundua kitu ambacho sikukiona kwa miaka yote niliyowafuga. Tunasema njiwa anapotembea hutikisa kichwa mbele na nyuma, lakini sivyo: hukisukuma kichwa mbele, kisha hukiacha kimetulia hewani huku mwili ukikifuata, halafu hukisukuma tena. Katika kituo hicho kifupi jicho lake la rangi ya chungwa limesimama kabisa, hata simu ya bei nafuu inaweza kulinasa. Shikilia kitufe ili simu ipige picha nyingi mfululizo, kisha ufute bila huruma; katika arobaini mimi hubaki na mbili.

Kasuku wako hawatembei hivyo, lakini wana tabia inayofaa zaidi. Tikisa kopo lenye ulezi upande mmoja wa tundu, na kasuku atainamisha kichwa ili akutazame kwa jicho moja. Hapo ndipo upige. Fimbo ya plastiki uiondoe, umwekee tawi la mpera lenye magamba yake. Ukifanikiwa kuazima ile kamera ya shemeji yako, anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, ya 1/500 ya sekunde kwa ndege aliyetulia, na 1/2000 kwa anayeruka.

Njiwa weupe wana taabu yao. Mbele ya jabali la kijivu lililo nyuma ya nyumba yangu, simu huona giza, ikaongeza mwanga, na kifua cha njiwa kikageuka unga mtupu usio na unyoya hata mmoja. Ukishagusa jicho, teremsha kile kialama cha jua kwenye kioo mpaka mistari ya manyoya irudi.

Uliniomba pia nikutafutie wale kasuku wadogo wenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, ambao wazungu waliwapa jina la Fischer. Hilo sitalifanya. Asili yao ni nyanda hizi za kusini mwa ziwa, na ni wazuri zaidi wakiwa kundi mtini. Njoo Mwanza nasi tutakwenda kuwatafuta pamoja, bila waya wowote kati yetu na wao.

Nitumie picha mpya za yule dume. Nataka kuona ile ngozi ya buluu juu ya mdomo wake, kwa kuwa katika picha ya mwisho ilikuwa nyeusi nikashindwa kumtofautisha na jike, ambaye yake ni ya kahawia. Zitume kama faili, si kama picha za kawaida, la sivyo simu itazibana na jicho utakalokuwa umehangaikia asubuhi nzima litanifikia limefifia.

Wako daima,
Rafiki yako wa Mwanza