Barua kwa fundi: mnara uliojengwa mara nne

Kaka, mambo vipi, natumaini kazi zinaenda. Ile voisi uliyonitumia, unayosema jengo la baharini bila simenti ya kisasa ni kujidanganya tu, nilikaa nayo kimya maana sikuwa na jibu, sasa ninalo ila ni refu ndo maana nimeamua kukuandikia. Ni habari ya mnara wa taa wa Eddystone, Uingereza.

Eddystone ni miamba iko baharini kama kilomita 22 kutoka mji wa bandari wa Plymouth, na ubaya wake ni kwamba maji yakijaa miamba yenyewe huioni, unaona povu, sasa mfikirie nahodha wa meli ya tanga usiku wa manane. Meli zilikuwa zinaisha pale. Jamaa mmoja mfanyabiashara, Henry Winstanley, zikamzamia mbili, akasema basi taa najenga mwenyewe. Akaanza 1696, mwaka uliofuata haramia wa Kifaransa wakamteka akiwa kazini maana nchi zao zilikuwa vitani, ila mfalme Louis wa 14 aliposikia akaamuru arudishwe, taa ile si ingewafaa mabaharia wa pande zote. Novemba 1698 mishumaa ikawaka. Mnara wenyewe ulikuwa na mapambo kibao, na huyu bwana aliuamini mno, alishawahi kusema anatamani awe ndani siku ya dhoruba kubwa kuliko zote. Novemba 1703 dhoruba ikaja kweli na yeye yumo ndani anafanya marekebisho. Kulipokucha hakuna mnara wala Winstanley. Na haikupita hata wiki, meli ya tumbaku kutoka Virginia ikagonga pale pale gizani.

Wa pili alijenga John Rudyerd, muuza hariri, usicheke. Mimi huyu naona hapewi haki yake. Aliachana na mapambo, akachukua mafundi wa kuunda meli, mnara ukawa wa mbao, laini nje, mpana chini na mwembamba juu, na tumboni chini kajaza mawe uwe na uzito. Ukakamilika 1709 na ukasimama zaidi ya miaka 40, bahari haikuuweza. Kilichoumaliza ni moto, Desemba 1755, ulianzia juu kwenye taa yenyewe. Mlinzi Henry Hall, mzee wa miaka 94, anarusha maji juu kwa ndoo huku paa la madini ya risasi linayeyuka, tone likamwingia mdomoni. Akasema nimemeza risasi, nani amwamini, mtu anameza risasi ya moto na bado anaongea? Aliishi siku 12. Daktari alipompasua akakuta kipande tumboni, na hicho kipande kipo mpaka leo makumbusho ya Edinburgh.

Sasa hapa ndo nakutaka wewe. Wa tatu ni John Smeaton, huyu alianzia kwenye kutengeneza vyombo vya kupimia, na akaona mnara ujengwe wa mawe matupu, uzito ndo upigane na bahari. Umbo alisema kalitoa kwenye mti wa mwaloni, shina pana chini linabana kadri linavyopanda. Mawe ya granaiti aliyachonga masikio na matundu kama seremala anavyounga mbao za droo, kila jiwe linamshika jirani yake, huwezi kulichomoa moja bila kuvunja wenzake, na kila safu waliipanga kwanza nchi kavu kuhakikisha inaingiana ndo wapakie kwenye boti. Halafu chokaa. Chokaa ya kawaida si unajua ndani ya maji haishiki, sasa Smeaton akakusanya mawe ya chokaa ya sehemu mbalimbali, akayeyusha vipande kwenye asidi aone kinachobaki, akagundua yale yanayoacha udongo wa mfinyanzi ndo yanatoa chokaa inayoganda hata majini, wakati watu miaka yote wanaamini dawa ni jiwe gumu au jeupe. Akachukua chokaa ya Watchet, huko huko Uingereza, akachanganya na majivu ya volkano kutoka Italia nusu kwa nusu. Simenti yako ya Portland unayonitambia, Joseph Aspdin kaisajili 1824, nayo ni chokaa na udongo vimechomwa pamoja. Kwahiyo fundi unayembeza ndo alikufungulia njia!

Kazi yenyewe walifanya maji yakipwa na bahari ikiwa na huruma, na wajenzi walipewa medali maalum wasije wakakamatwa kwa nguvu kufanywa mabaharia, maana jeshi la majini la wakati ule lilikuwa linazoa vijana bila kuuliza. Oktoba 1759 ikawashwa, mishumaa 24.

Mnara huo haukuwahi kuanguka kaka. Zaidi ya miaka 100 hauna shida, mwenye shida ni mwamba, maji yaliula kwa chini mpaka wimbi kubwa likipiga mnara unatikisika. Ikabidi James Douglass ajenge wa nne kwenye mwamba wa pembeni, mita 49, ukawashwa 1882. Naye hakukopi tu, kile kitako cha Smeaton kilichopinda kilikuwa kinapandisha mawimbi mpaka kwenye taa, yeye akaweka msingi wima kama pipa ili wimbi livunjike chini kabla halijapata nguvu ya kupanda. Tangu 1982 unajiendesha wenyewe, hakuna mlinzi.

Ule wa zamani watu wa Plymouth walichanga hela zao, ukafunguliwa jiwe kwa jiwe ukapandishwa tena nchi kavu, pale Hoe, uwanja wa wazi wa Plymouth unaotazama bahari, unapanda ngazi mpaka juu. Ila ni sehemu ya juu tu. Kitako kiko kule kule baharini kwenye mwamba ule uliosemwa umeoza, pembeni ya mnara mpya, na chokaa yake.

Sasa niambie kifundi, sio kwa ubishi: ukikuta kazi ya mwenzio nzima kabisa ila kiwanja ndo kinaondoka, unabomoa au unaanza na mwamba? Maana sielewi kwanini wasingejaribu kuujazia ule mwamba kwanza, na wewe msingi unaujua kuliko mimi. Nijibu kwa maandishi bana, voisi zako ndefu.

Wasalimie nyumbani.